Kutoka Nukta Nundu hadi Kicharazio

Kabla kompyuta haijapata ulimi, wanafunzi wasioona, wakiwamo wa shule mchanganyiko ya Ikungi mkoani Singida, walitegemea nukta nundu, hati aliyoitangaza Mfaransa Louis Braille mwaka 1829, ambayo aghalabu hugongwa kwa mashine ya Perkins yenye vibonye sita vya kuandikia, kimoja kwa kila nukta. Mashine madhubuti, ila, kwa insafu, nzito na yenye kelele. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianza kuunda NVDA, programu ya bure isomayo kioo kwa sauti, ambamo kipanya hakihitajiki, maadamu herufi H humfikisha msomaji kwenye kichwa cha habari kifuatacho, na K kwenye kiungo. Sauti yake ya Kiswahili, itokayo kwenye eSpeak, programu ya kutamka maandishi, ni kavu mno, walakini hutamka, ilhali ile ya Kiingereza huliharibu hata neno “ng’ombe”.