Msahafu na Istilahi Zake katika Kiswahili

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea mswada wa kitabu cha kiada, akitaka tuukague kabla haujapigwa chapa. Katika kurasa tatu tu tulikuta Kitabu kitukufu cha Waislamu kimepewa majina manne: Kurani, Korani, Qurani na Msahafu. Mwalimu atakayekitumia kitabu hicho mbele ya wanafunzi wageni wa somo hili hatakosa kuulizwa kama hivyo ni vitabu vinne. Tumeona vema tulijibu swali hilo kwa njia ya historia, maana kila jina lina asili yake.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Kwa itikadi ya Waislamu, Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoteremshiwa Mtume Muhammad kwa lugha ya Kiarabu, kwanza Makka na kisha Madina, kwa muda wa miaka ipatayo 23, tangu mwaka 610 hadi kufariki kwake mwaka 632. Jina lenyewe latokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma. Kurani basi ni kisomo, husikiwa kwa masikio na kuhifadhiwa kifuani. Msahafu ni kisomo hicho kilichoandikwa na kutiwa baina ya majalada mawili, na maandishi yake yalisanifishwa wakati wa Khalifa Uthman, katikati ya karne ya 7. Kwa hiyo mtu aweza kuihifadhi Kurani moyoni. Msahafu huhifadhiwa kabatini.

Mgeni aufunguaye Msahafu kwa mara ya kwanza hutarajia masimulizi yafuatanayo kwa miaka, naye hushangaa asipoyakuta. Sura zake 114 hazikupangwa kwa tarehe za kuteremka. Baada ya Al-Fatiha, yenye aya 7, hufuata Al-Baqara, yenye aya 286. Na kwa jumla zilizo ndefu hutangulia, zilizo fupi zikaja mwishoni. Pamoja na mgawanyo huo wa maana, upo mgawanyo wa usomaji, nao ni wa juzuu 30 zinazokaribiana kwa urefu, hata mtu aweza kusoma juzuu moja kila siku na kumaliza kwa mwezi mmoja, kama ifanywavyo na wengi katika Ramadhani.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki kisomo hiki kilifundishwa chuoni. Neno chuo hapo kale lilikuwa na maana ya kitabu pia: Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati kongwe za Kiswahili, hujulikana vilevile kwa jina la Chuo cha Herekali. Mtoto aliyemaliza juzuu zote alisemwa kuwa amehitimu, neno litokalo katika Kiarabu kwa maana ya kufunga au kutia muhuri. Leo tunapoandika "mhitimu wa chuo kikuu", tunatumia maneno mawili yaliyokalia mkeka mmoja wa watoto wa Kurani, ijapokuwa waandishi wengi hawakumbuki hivyo.

Watumishi wa serikali nao wana fungu lao. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Al-Baqara, yahusu kuandikiana madeni: yaagiza pawepo mwandishi mwadilifu, na mashahidi. Katika Kiarabu cha aya hiyo hupatikana mashina ya maneno yetu deni, katibu, shahidi na adili. Maneno hayo hayakuingia katika Kiswahili kwa njia ya aya hiyo peke yake, kwani biashara na mahakama za makadhi zilichangia. Lakini mgeni atakayeisoma atahisi kama yumo ofisini mwake.

Tukija kwenye tafsiri, ya kwanza iliyo kamili kwa Kiswahili ilitolewa London mwaka 1923 na Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi Unguja. Yeye aliandika "Kurani". Maelezo yake yalibishana na mafundisho ya Kiislamu, na Waislamu hawakuipokea. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya alitoa Kurani Tukufu huko Nairobi. Masheikh wa Kisuni wakayapinga maelezo yake. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Qurani Takatifu, iliyotimia kuchapwa mwaka 1969, na moja ya makusudi yake lilikuwa kuwajibu hao waliomtangulia. Yeye alichagua herufi q, isiyokuwamo katika alfabeti ya Kiswahili Sanifu, ili kukaribia matamshi ya asili. Mwaka 1995 ikatoka ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyeiita kazi yake "tarjama". Katika Kiarabu tarjama ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na tafsiri ni kufafanua maana. Kiswahili kimelipa neno tafsiri kazi zote mbili, na hapo ndipo wengi hukosa kuelewana.

Wafasiri wajihadhari na maneno mawili zaidi. La kwanza ni sura. Sura ya kitabu na sura ya mtu ni maneno mawili mbalimbali katika Kiarabu, moja kwa herufi sini na la pili kwa herufi swadi. Tahajia yetu imeyafananisha. Hilo la kitabu limekwisha kuwa la wote, hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imegawanywa kwa sura. La pili ni aya. Walimu wa insha hulitumia kwa fungu la sentensi, wala hapana kosa. Lakini katika Kiarabu lina pia maana ya ishara, na Kurani huziita mbingu, mvua na usiku kuwa ni ishara. Anayeandika "aya" kila alionapo neno hilo atamfanya msomaji atafute maandishi mahali palipokusudiwa mawingu.

Kwa hayo tunapendekeza hivi. Katika maandishi ya jumla na ya serikali itumike Kurani. Msahafu litumike kwa kitabu chenyewe kinachoshikwa mkononi. Qurani ibaki katika majina ya vitabu vilivyoandikwa hivyo na wenyewe. Na Korani, ambayo yaelekea imepitia lugha za Ulaya, iachwe. Pale ambapo tofauti ni muhimu, tarjama itumike kwa maneno na tafsiri kwa ufafanuzi.

Kuna watakaosema kuwa herufi moja si kitu. Wao twawakumbusha ya mwaka 1923, 1953 na 1969: watu walibishana juu ya Kitabu hiki kwa sababu wanakipenda. Mwandishi asiyekiamini anaweza kukieleza kwa haki, na haki hiyo huanza kwa kukitaja jina lake sawasawa.