Kanuni ya Kazan na Kanuni ya London

Katika mji wa Kazan, ulio kando ya mto Volga, uliokuwa makao ya makhani wa Kitatari hata mwaka 1552 ulipotwaliwa na Tsar wa Urusi, alizaliwa mwaka 1841 Alexander Zaitsev, mwana wa mfanyabiashara wa chai na sukari ambaye azma yake ilikuwa mwanawe airithi biashara; na lau si mjomba wa kijana, aliyeshikilia kwamba apelekwe chuoni, kemia ingalimkosa. Chuoni nako alikwenda kusoma uchumi. Lakini kanuni za Urusi siku zile ziliwalazimisha hata wanafunzi wa sheria na uchumi wasome kemia miaka miwili, na mwalimu wa kemia pale Kazan alikuwa Butlerov, mtu ambaye mwanafunzi akishamsikia ni taabu kurudi kwenye hesabu za mapato na matumizi.

Jambo alilolichunguza Zaitsev ni hili. Ukichukua iodidi yenye mnyororo wa kaboni nne, ambayo iodini yake imekaa kwenye kaboni ya pili, ukaichemsha pamoja na potasi iliyoyeyushwa katika alkoholi, iodini huondoka na kaboni jirani huachia hidrojeni moja, na baina ya kaboni hizo mbili hufungika kifungo maradufu. Hiyo ndiyo alkeni, gesi ambayo ikipitishwa katika bromini huufuta wekundu wake. Lakini kaboni ile ina jirani wawili, wa pembeni mwenye hidrojeni tatu na wa ndani mwenye mbili. Ni yupi atakayetoa? Mwaka 1875 Zaitsev alijibu kuwa hutoa aliye na chache, hukumu ya ajabu kwa mwenye insafu, maana maskini ndiye anayetozwa.

Hata hivyo, tangu mwaka 1851, huko London, Mjerumani August Wilhelm Hofmann alikuwa amekwisha kuchapisha majaribio yaliyozaa kanuni ya kinyume. Yeye hakutumia iodini itakayoondoka, bali naitrojeni iliyoshehenezwa vikundi vinne vya kaboni hata ikawa na chaji chanya. Chumvi yake ya iodidi hutikiswa na oksidi ya fedha yenye majimaji, unga wa kahawia iliyoiva, hata iodidi ya fedha ya manjano ikatuama chini. Kisha maji hukaushwa, kilichobaki hupashwa moto, na ikiwa vikundi vitatu kati ya vile vinne ni vya methili na cha nne ni ule mnyororo wa kaboni nne, naitrojeni huenda zake kwa harufu ambayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, kwani ni ile ile ya samaki aliyevunda. Safari hii hidrojeni hutolewa na jirani wa pembeni, aliye nazo nyingi.

Sababu ya tofauti hiyo ilipatikana London hiyo hiyo, katika University College, ambako Christopher Ingold na Edward Hughes, katika miaka ya 1930, walipima kasi ya mmenyuko badala ya kutazama tu kilichotoka. Palipoongezwa besi, kama ile potasi, maradufu na kasi nayo ikawa maradufu, walijua kwamba besi inashiriki, ikinyakua hidrojeni wakati ule ule kikundi kinapoondoka. Na pale kasi isipojali besi, kikundi huondoka kwanza peke yake na hidrojeni hufuata baadaye. Njia ya kwanza waliiita E2, ya pili E1. Iodini ni mwepesi wa kuondoka, hivyo kifungo maradufu huwa kimekwisha kuanza kufungika, na alkeni iliyo imara zaidi, nayo ni ya ndani, hushinda; naitrojeni ni mzito wa kuondoka na huvuta elektroni kwa nguvu, hivyo besi hunyakua hidrojeni iliyo rahisi kung'oka na iliyo wazi, nayo ni ya pembeni. Baadaye Herbert Brown wa Marekani alisisitiza kwamba unene wa kikundi na wa besi una hukumu kubwa kuliko ile chaji, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri zao asiulize kwanza kanuni ya nani, bali aulize nini kinaondoka na besi ni ipi. Kwa mnyororo ule ule wa kaboni nne, bromini ikiondolewa na besi iitwayo ethoksidi, alkeni ya ndani hupata kama asilimia 81. Naitrojeni ya Hofmann ikiondoka, alkeni ya pembeni hupata kama asilimia 95.