Kabla ya 1966

Mwezi Mei 2001, mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alivuta kwa pumzi dawa iitwayo heksamethoniamu. Alikuwa mfanyakazi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, naye alijitolea kushiriki utafiti uliotaka kujua jinsi mapafu ya mtu asiye na pumu yanavyojilinda. Haukupita muda akaanza kukohoa. Akalazwa, mapafu yakazidi kushindwa kazi, na tarehe 2 Juni akafariki dunia.

Swali lililofuata ni lile ambalo kila mfiwa huuliza: hivi hakuna aliyejua?

Walikuwepo waliojua. Miaka ya 1950 dawa hiyo ilitumika kushusha shinikizo la damu, na madaktari wa wakati huo waliandika katika majarida yao kuhusu wagonjwa walioharibika mapafu baada ya kuitumia. Wala mtafiti hakukaa bure. Alitafuta kwenye PubMed, kama ambavyo daktari yeyote angefanya leo. Lakini kumbukumbu alizopekua zilianzia mwaka 1966. Makala za miaka ya 1950 zilikuwa zimelala kwenye rafu za maktaba.

Kwa nini 1966? Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianza kuchapisha Index Medicus, faharasa ya makala za tiba kutoka nchi nyingi. Kwa miongo mingi, aliyetaka kujua jambo alifunua juzuu moja baada ya nyingine. Katika miaka ya 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaanza kuingiza faharasa hiyo kwenye kompyuta, lakini makala mpya ndizo zilizotangulia. Mwaka 1971 ikaja MEDLINE, iliyofikiwa kwa laini ya simu, mara nyingi kupitia mkutubi aliyefunzwa kazi hiyo. Mwaka 1997 PubMed ikafunguliwa bure kwa yeyote mwenye intaneti.

Kila hatua ilifupisha safari. Hatua ya mwisho, hata hivyo, ilimwondoa pia mkutubi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukumbuka kwamba kuna rafu nyingine.

Mwaka haukuisha tangu kifo kile, Januari 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wakaanzisha HINARI. Taasisi za nchi kama Tanzania zikaanza kusoma bila malipo majarida ambayo bei yake isingelipika. Mlango ukafunguka kwetu pia, na mpaka wake tukaurithi.

Leo PubMed inarudi nyuma hadi miaka ya 1940 na zaidi. Mpaka umesogea, haujafutika. Majarida mengi ya Afrika bado hayamo. Mfikirie daktari wa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya, simu mkononi, akiandika jina la dawa na dalili anazoziona, kisha anajibiwa kwamba hakuna kilichopatikana. Jibu hilo linamweleza kilichomo kwenye kumbukumbu zile. Halimwelezi alichokiona mwenzake wa wilaya ya jirani mwaka jana, akakiandika kwenye daftari la wodi na kulifunga.