Kigeuza moshi kinapochakaa katika gari kuukuu

GARI linaloelekea Funzi hukomea Bodo, kwani kisiwa hicho cha Kwale hufikiwa kwa mashua. Likitoka Mombasa huwa limesubiri feri Likoni huku injini ikinguruma, likapita Ukunda na Msambweni kwa kasi katika barabara kuu ya Lunga Lunga, kisha likashika njia ya polepole kuelekea ufukweni. Safari ya aina hiyo ndiyo huanika maradhi ya gari kuukuu. Penye kilima kidogo dereva hukanyaga mafuta, injini ikalalama, na gari lisiende. Fundi wa kwanza hulaumu petroli, wa pili hulaumu gia. Yamkini kilichoziba pumzi ya gari kiko chini ya sakafu, katika bomba la moshi.

Kifaa hicho ni kigeuza moshi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega kwa kuwa ndani yake mna vitundu vingi mithili ya sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo, ambazo aghalabu ni za kauri, hupakwa kiasi kidogo mno cha madini ya platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dioksaidi, masalio ya petroli hugeuka maji na kaboni dioksaidi, na oksaidi za nitrojeni hurejea kuwa nitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo haianzi barabara mpaka kifaa kipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi.

Marekani ilianza kukitumia kwa wingi katika magari ya mwaka wa 1975. Japani, inakotoka sehemu kubwa ya magari ya mitumba nchini Kenya, nayo ikakitumia. Hapa nchini palitokea kioja cha miaka mingi: magari yaliletwa yakiwa na kifaa hicho ilhali petroli ilikuwa na risasi, ambayo huyafunika madini hayo na kuyaua. Azimio la Dakar la Juni 2001 lilizitaka nchi zilizo kusini mwa Sahara kuachana na risasi kufikia 2005, na Kenya ikatimiza hilo mwanzoni mwa 2006.

Leo wauaji ni wengine. Injini inayokula oili hukipaka kifaa masizi na majivu. Plagi iliyochoka au koili mbovu huacha petroli bila kuungua. Petroli hiyo ikiungulia ndani ya kifaa, joto laweza kupita nyuzi 1,000, kauri ikayeyuka na kuziba njia. Kulisukuma gari kila asubuhi ili liwake, desturi isiyokosekana penye magari ya zamani, hupeleka petroli mbichi huko huko.

Dalili zake hazifichiki kwa mwenye masikio na pua. Sauti ya kokoto ndani ya bomba humaanisha kauri imevunjika. Harufu ya yai viza hutokana na salfa ya mafuta. Taa ya injini katika dashibodi yaweza kuwaka, japo taa hiyo pekee si ushahidi: bomba linalovuja karibu na sensa ya oksijeni pia huiwasha. Fundi makini hupima mgandamizo wa moshi kabla ya kifaa ndipo akahukumu kwamba kimeziba.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye gari hununua kifaa kipya na kuliacha kosa la injini lililokiua cha kwanza, nacho kipya kikafa vivyo hivyo. Utaratibu wa busara ni kuanza na plagi, koili, sensa na ulaji wa oili, kisha bomba. Wengine hukitoboa au kukitoa kabisa, na kusifu nguvu mpya ya gari. Nguvu hiyo si ajabu: bomba lililozibwa limezibuliwa, basi. Sumu, hata hivyo, sasa hutoka bila kugeuzwa, na Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa zinazohusu moshi wa magari pia.

Hatari kubwa zaidi si ya mfuko. Hewa ya chumvi ya Pwani hula mabomba. Bomba lililotoboka chini ya gari ambalo kigeuza moshi chake kimekufa huweza kupenyeza kaboni monoksaidi ndani, nayo haina rangi wala harufu. Gari la mizigo linaloendeshwa mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba nusu wazi, magunia yakichungulia, huvuta moshi wake lenyewe ndani. Abiria wakilalamikia kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, wasidhani ni uchovu wa safari. Gari lisimamishwe, injini izimwe, watu watoke nje wapate hewa, na aliyelegea apelekwe hospitali kwa gari jingine.

Kifaa kilichoshika moto kupita kiasi hubaki hivyo kwa muda hata injini ikizimwa. Anayeliacha gari Bodo ili apande mashua ya Funzi aliegeshe penye mchanga mtupu, mbali na majani makavu, ambayo huweza kuwaka yakigusa bomba.