Stewart Granger, Mchimbaji wa Kwenye Filamu

Wanafunzi wa Tanganyika walimjua Allan Quatermain miaka 20 kabla Hollywood haijampa sura. Riwaya ya H. Rider Haggard, iliyotoka London mwaka 1885, ilifasiriwa na Frederick Johnson na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana shuleni. Humo mna Quatermain, mwindaji Mzungu, ramani ya kale, jangwa, na chumba ndani ya mlima chenye masanduku ya almasi yanayomngoja mwenye ujasiri wa kuingia. Mtoto wa Kisukuma aliyekisoma kitabu hicho huku akichunga ng'ombe pande za Mwadui hakuwa na sababu ya kudhani kwamba almasi ziko chini ya kwato.

Zilikuwepo. Machi 1940, John Thorburn Williamson, mjiolojia kutoka Kanada ambaye fedha zilikuwa zimeanza kumwishia, aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Eneo lake lilikuwa hekta 146, na kwa muda mrefu hapakuwa na mgodi wa mwamba wa aina hiyo duniani ulioufikia kwa upana. Mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huohuo. Lilipokatwa lilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalifanya moyo wa ua kwenye pambo la kubandika kifuani. Kule Geita, nako, dhahabu ilikuwa ikichimbwa na kampuni tangu miaka ya 1930.

Hivyo basi, kampuni ya MGM ya Hollywood ilipoleta kamera zake za rangi Afrika Mashariki mwishoni mwa 1949 kuyatafuta mashimo ya Sulemani, mashimo ya kweli yalikuwa yameshafunguliwa na yanalipa. Watengenezaji wa filamu walipita njia nyingine. Sehemu walizozitaja mwanzoni mwa filamu yao ni maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Astrida ya Ruanda (siku hizi Huye), Stanleyville (siku hizi Kisangani), Rumuruti na Machakos nchini Kenya, na Tanganyika kwa jumla. Mwadui haimo. Na lile pango lenye almasi, ambalo ndilo kiini cha hadithi yote? Walilipigia picha Marekani, katika mapango ya Carlsbad, jimbo la New Mexico.

Mtu waliyemchagua kuwa Quatermain alikuwa Mwingereza ambaye Wamarekani walikuwa hawajamzoea bado. Alizaliwa London tarehe 6 Mei 1913 akaitwa James Lablache Stewart. Alipoingia kwenye uigizaji alikuta jina la James Stewart limeshachukuliwa na Mmarekani maarufu, akalazimika kujiita Stewart Granger. Rafiki zake waliendelea kumwita Jimmy hadi uzeeni. Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliingia jeshini, lakini vidonda vya tumbo vikamrudisha uraiani mwaka 1942. Mwaka uliofuata filamu ya The Man in Grey ikamfanya kipenzi cha watazamaji wa Uingereza: mrefu, sauti nzito, bega pana, kidevu kilichoinuliwa kidogo kama mtu asiyependa kuulizwa maswali.

Nafasi ya Quatermain haikuwa yake kwanza. Ilipelekwa kwa Errol Flynn, ambaye inasimuliwa kwamba wazo la kulala kwenye mahema kwa miezi halikumvutia, akaenda kuigiza filamu nyingine iliyohusu India. Granger akaikubali safari. Akapakwa mvi pembeni ya kichwa, akavishwa kofia pana, na filamu ilipotoka mwaka 1950 ikawa miongoni mwa zilizoiingizia MGM fedha nyingi zaidi mwaka huo. Alipewa mkataba wa miaka 7. Mwaka huohuo alimwoa mwigizaji Jean Simmons.

Filamu yenyewe, King Solomon's Mines, inastahili kutazamwa, ingawa kwa jicho kali. Robert Surtees alipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha, na wahariri wake nao wakapata yao. Haina muziki wa okestra kama filamu nyingine za wakati ule. Masikio yanaachiwa ngoma, nyimbo na sauti za wanyama. Upande mwingine, tembo anayeanguka mwanzoni aliuawa kweli mbele ya kamera, na wenzake wanaonekana wakijaribu kumwinua. Halafu kuna mwanamke anayeigizwa na Deborah Kerr, ambaye mwandishi wa riwaya hakumweka kabisa. Katikati ya pori anajikata nywele kwa mkasi, na picha inayofuata anatokea na nywele zilizopangwa vizuri kuliko za bibi harusi.

Wasaidizi wao Waafrika hawakuletwa kutoka London wala New York. Filamu ya awali ya hadithi hii, ya mwaka 1937, ilimtumia Mmarekani mweusi Paul Robeson kuwa Umbopa, mfalme aliyejificha katika sura ya mpagazi. Robeson alikuwa mwimbaji mkubwa aliyewahi kusoma Kiswahili London, na mwaka 1935 aliigiza Sanders of the River, filamu ambayo Jomo Kenyatta alionekana ndani yake kwa muda mfupi. Mwaka 1950, Umbopa alikuwa Siriaque wa Ruanda, mtu mrefu mwenye utulivu unaomfanya Granger aonekane mwenye haraka. Khiva aliigizwa na Kimursi, Mkipsigis wa Kenya. Mfalme Twala alikuwa Baziga. Hao majina yao yameandikwa. Mamia ya wapagazi, wachezaji na wapiga mbio hawakutajwa, na picha zao zilizobaki MGM ilizihifadhi ikazitumia tena, kwa mfano katika Watusi ya mwaka 1959. Waliofika uwanjani mara moja walifanya kazi ya filamu mbili.

Baada ya hapo Granger akawa mtu wa panga na farasi. Scaramouche ya 1952 ina pambano la panga la zaidi ya dakika 6, na wapenzi wa filamu za aina hiyo bado wanalitaja. Mwaka huo pia alicheza The Prisoner of Zenda. Mwaka 1956 akachukua uraia wa Marekani. Lakini ukiipitia orodha ya kazi zake ukiwa mtu wa Kahama au Geita, jambo jingine linakujia: mwigizaji huyu hakukaa mbali na madini.

Katika Green Fire ya 1954 anatafuta zumaridi Kolombia. Jirani yake ni Grace Kelly, mwenye shamba la kahawa, ambaye muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa Afrika Mashariki na Clark Gable wakipiga Mogambo. Mgodi unawavuta vibarua wa shambani wakati wa mavuno, na kazi ya mgodini inautishia mto na mashamba. Mapenzi yanamaliza ugomvi huo kwa dakika chache za mwisho. Wakulima waliopakana na migodi ya Kanda ya Ziwa wangependa kujua mapenzi hayo yanapatikana wapi. Moonfleet ya 1955, iliyoongozwa na Fritz Lang, inamfanya mlanguzi anayeiwania almasi iliyofichwa kisimani. Kisha North to Alaska ya 1960, ambamo yeye na John Wayne ni wabia walioipata dhahabu huko Nome na wanalazimika kuyalinda maeneo yao dhidi ya wavamizi. Ni filamu ya kuchekesha, lakini yeyote aliyeona rashi, yaani mbio za kukimbilia madini, inapolipuka kwenye duara (shimo la wachimbaji) jipya ataitambua ile vurumai. Wayne alitoka hapo akaja Tanganyika kupiga Hatari! pande za Arusha.

Tatizo la filamu hizi ni jinsi utajiri unavyopatikana. Granger anafika, anatazama, anachota. Mwadui haikuwa hivyo hata siku moja: tani 100 za mwamba hazitoi hata karati 10, yaani pungufu ya gramu 2. Almasi ya pale ni hesabu ya kusomba, kusaga, kuosha na kuchambua. Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Geita nayo ina matimba ya kushikilia kuta za duara, karasha ya kusaga mawe, mialo ya kuoshea, na zebaki inayodhuru ubongo na mapafu ya wanaoichoma. Hollywood iliruka hatua hizo zote, na ndiyo maana mtu mmoja mwenye kofia aliweza kuonekana anatosha.

Iliruka pia suala la mwenye mali. Williamson alifariki Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50, bila mke wala mtoto, na mwaka huohuo mgodi wake ukawa wa kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Maamuzi ya namna hiyo hufanyika kwenye meza, na meza hazikuwahi kuwa na nafasi katika filamu za Quatermain.

Granger mwenyewe alizeeka na kazi zikapungua. Ndoa na Simmons ilivunjika mwaka 1960. Akaenda Ujerumani kuigiza filamu za kauboi, akaja Kenya kwa ajili ya The Last Safari ya 1967, akiwa tena mwindaji mweupe, safari hii amechoka na ana chuki moyoni. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha maisha yake, Sparks Fly Upward, na hakuwahi kujivuna sana kuhusu filamu alizozifanya. Alifariki Santa Monica, California, tarehe 16 Agosti 1993 akiwa na miaka 80, miaka 7 kabla ya mgodi mkubwa wa Geita kufunguliwa upya.

Kazi yake inayowahusu zaidi watu wa ukanda wa migodi, kwa maoni yangu, ilikuja mwaka 1978 na wala haina pango ndani yake. Katika The Wild Geese, iliyopigwa Afrika Kusini, Granger ni Sir Edward Matherson, mwenye benki wa London. Anawalipa askari wa kukodiwa wakamwokoe kiongozi wa nchi ya Kiafrika aliyepinduliwa, kwa sababu anataka mikataba ya shaba. Wakati askari wako porini, mtawala aliyeko madarakani anakubali kumpa mikataba hiyohiyo, naye anawatelekeza kulekule. Hagusi jiwe hata moja. Mwaka 1950 alicheza mgodi kama watu walivyouota. Mwaka 1978 akaucheza unavyoendeshwa.