Boda yangu, boda wangu: Neno lililovuka mpaka na undugu uliolifuata

MSOMAJI mmoja wa safu hii kutoka Kakamega ameniuliza swali nililodhani ni dogo hadi nilipoketi kulijibu. Je, tuseme ‘boda yangu imechelewa’ au ‘boda wangu amechelewa’?

Jibu la haraka ni kwamba sentensi zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inahusu chombo. Ya pili inahusu mtu, kama tunavyosema ‘fundi wangu’ au ‘dereva wangu’. Lakini ukitega sikio sokoni au kwenye lango la shule, utasikia ya tatu: ‘boda yangu amechelewa’. Wanafunzi wangu huicheka hii na kuiita kosa la upatanisho wa kisarufi. Mimi siharakishi kucheka. Ndugu, rafiki na jirani nao husemwa vivyo hivyo: ‘ndugu yangu amefika’, ‘jirani yangu amefiwa’. Huenda msemaji amechanganya tu chombo na mtu. Hata hivyo, kwa kuchanganya huko amemtoa mhudumu huyu katika kundi la mafundi na madereva akamketisha na ndugu na majirani. Ili kujua amefikaje huko, inabidi turudi Busia.

Neno ‘boda’ lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na 1970. Basi lilikushusha upande huu, nawe ukahitaji kufika upande wa pili ukiwa na mizigo yako, ukipita eneo lililotenganisha vituo viwili vya forodha. Vijana wenye baiskeli walifunga mto wa sponji kwenye keria na kuwaita wasafiri: “Boda! Boda!” Hicho kilikuwa Kiingereza cha mpaka hadi mpaka, kilicholainishwa na ndimi za Wasamia, Wateso na wengineo waliotafuta riziki pale.

Nilipanda mara ya kwanza nikiwa darasa la nne. Mama alitangulia kwenye baiskeli nyingine, ameketi upande, kapu mapajani. Waendeshaji wetu walipitana njia nzima, na kila mmoja alipompita mwenzake alipiga kengele mara moja. Mama alipouliza sababu, kijana wake alimjibu bila kugeuka: “Mama, ukimpita mwenzako kimya umemdharau.”

Kengele ile ilinirudia miaka mingi baadaye nilipokuwa nikifanya utafiti Lamu. Katika adabu za Waislamu wa Pwani, mtoto hufundishwa mapema kwamba aliye juu ya kipando ndiye anayeanza kumsalimu anayekwenda kwa miguu, si kinyume chake. Aliyeinuliwa na mnyama au chombo hujishusha kwa neno. Sidai kwamba kijana wa Busia aliyapata hayo Lamu. Nadhani barabara yenyewe hufundisha, kwa sababu anayekupita leo ndiye atakayekukuta kesho umeharibikiwa.

Wala si jambo geni katika eneo letu. Katika karne ya 19, wapagazi walioshika njia ya Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, hawakusafiri kama umati tu. Walijigawa katika vikundi vidogo vya watu waliopika chungu kimoja na kulala pamoja. Mbele alikuwapo kirongozi. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua kwenye njia hiyo, na mtani alikuwa na wajibu wa kumzika mwenzake akifia ugenini. Tusiipambe historia, maana misafara hiyo hiyo iliwaacha wagonjwa njiani. Lakini aliyekuwa na kikundi chake alikuwa na watu waliolijua jina lake.

Tuje karibu. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na kwetu magharibi vijana wakaanza kuuza baiskeli. Neno ‘boda’ likahamia kwenye pikipiki bila kubadilika hata herufi moja, likausahau mpaka uliolizaa. Leo anaitwa boda hata yule aliye Garissa au Kisii ambaye hajawahi kuiona Busia. Wanairobi wana ‘nduthi’ yao, ila hata wao wakiwa na haraka huita boda.

Pamoja na pikipiki, steji nayo ikakomaa. Asiyeijua hudhani ni kivuli cha mti tu ambapo vijana wanapiga gumzo. La hasha. Steji ina mwenyekiti, mweka hazina, daftari, kiingilio na zamu. Ukimshusha mtu kwenye steji ya wenyewe huondoki na abiria wao. Utarudi mtupu, au uombe kwa heshima: “Wazee, naweza toka na huyu?” Abiria aliyempigia simu boda wake haguswi. Watakuambia, “Huyo ako na mtu wake,” na mambo yaishe. Pikipiki ikizima njiani, hata asiyemjua mwenyewe atapunguza mwendo: “Ni nini, kaka? Ni mafuta?” Akishindwa kusaidia, ataweka mguu kwenye kikanyagio cha nyuma cha mwenzake na kumsukuma hivyo hadi kwa fundi. Malipo ni asante.

Na mmoja wao akifa, ambalo hutokea mara nyingi mno, daftari hufunguliwa. Asubuhi ya maziko utaziona pikipiki zimefungwa matawi ya miti, honi zinalia kuanzia mochari hadi kaburini. Wenye magari hukasirika. Aliyewahi kuona tero buru ya Waluo, kifo kikifukuzwa kwa vishindo na makelele, hatashangaa sana.

Sasa niseme linalonikereketa. Mnamo Machi 2022 nchi nzima iliona video ya mwanamke akidhalilishwa ndani ya gari lake na kundi la wanabodaboda katika barabara iliyojulikana kwa muda mrefu kama Forest Road, jijini Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako, na pikipiki nyingi zikakamatwa, zikiwemo za watu ambao hawakuwa karibu na barabara ile. Wengi tulisema undugu wa hawa vijana ndio tatizo. Mimi naona kinyume. Wanabodaboda wana uchungu wa kweli, kwa kuwa wameona wenzao wakigongwa na wenye magari wakatoroka. Ila honi inayoita msaada ni ile ile inayoita fujo, na anayeitikia akiwa hana steji, hana daftari wala mwenyekiti wa kumwuliza kesho, anakuja na hasira tu. Hapo ‘mwenzetu’ ni yeyote aliye juu ya pikipiki, na adui ni yeyote aliye ndani ya gari.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Kwenye njia panda karibu na kwetu, pikapu ilimwangusha kijana mmoja wa boda. Honi zikalia, na kabla sijafunga mlango wa duka nililokuwamo, pikipiki zaidi ya ishirini zilikuwa zimefika. Mmoja alipaza sauti, “Choma!” Niliiona chupa ya petroli kwa macho yangu. Dereva, mzee wa makamo, alikuwa ameshikilia usukani kana kwamba gari lingali mwendoni.

Mwenyekiti wa steji yetu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye baiskeli, alisimama kwenye mlango wa pikapu akawageukia wale vijana.

“Aliyeanguka ni wa steji gani?”

Kimya.

“Basi anaitwa nani?”

Waliokuwa wakipiga kelele hawakujua. Kijana mwenyewe, akiwa chini ameshika goti, alijibu kwa sauti ya kulia, akataja jina lake na steji yake, mwendo wa kilomita sita hivi kutoka pale. Mwenyekiti alitoa simu, akampigia mwenzake wa huko, akaandika namba ya pikapu kwenye daftari. Kisha akamwambia dereva, “Mzee, utampeleka hospitali wewe mwenyewe. Wawili wetu watakuwa mbele yako, usiogope.”

Wengine waliondoka mmoja mmoja. Aliyekuwa na chupa aliimimina kwenye tangi lake.

Mimi nilichelewa mkutano wa kanisani niliokuwa naenda. Boda yangu alikuwa mmoja wa wale wawili.