Mwalimu wa Basel na Mistari Minne ya Haidrojeni

Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kigali huulizwa mara kwa mara kama lugha hii yaweza kubeba habari za sayansi. Swali hilo limezidi uzito tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Rwanda kilipata, papa hapa mjini, taasisi ya utafiti wa fizikia kwa ajili ya Afrika Mashariki. Jibu bora ni kusimulia. Nasi tumechagua kisa ambacho mlango wake ulifunguliwa na mwalimu mwenzetu.

Haidrojeni ndiyo atomu nyepesi kuliko zote: ina protoni moja na elektroni moja. Gesi hiyo ikipitishwa umeme hutoa nuru, na nuru hiyo ikipita katika kioo cha pembe tatu hugawanyika kuwa mistari ya rangi. Katika karne ya 19 Anders Ångström wa Uswidi alipima kwa uangalifu mkubwa mistari minne ionekanayo kwa macho. Namba zikawako, lakini maana yake ikafichika.

Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi, mwenye umri wa miaka sitini hivi, aliifumbua siri. Alichukua namba moja tu, 3645.6, akaizidisha kwa 9/5, kwa 4/3, kwa 25/21 na kwa 9/8. Mistari yote minne ikapatikana! Sababu ilielezwa mwaka 1913 na Niels Bohr wa Denmark: elektroni hukaa katika ngazi maalumu za nishati, na kila mstari ni tofauti baina ya ngazi mbili.

Je, kazi ikaisha? La hasha. Nadharia ya Paul Dirac ya mwaka 1928 ilisema kwamba ngazi mbili fulani zina nishati sawasawa. Mwaka 1947, mjini New York, Willis Lamb na Robert Retherford walizipima kwa mawimbi ya namna ya rada, wakakuta zimeachana. Pengo hilo halifiki sehemu moja katika milioni mbili ya tofauti iliyopo kati ya ngazi ya kwanza na ya pili. Hata hivyo liliwalazimu wataalamu kuijenga upya nadharia ya nuru na elektroni.

Mwaka 2010, tena nchini Uswisi, watafiti waliweka muoni mahali pa elektroni, wakaona protoni ni ndogo kwa asilimia 4 hivi kuliko ilivyoaminiwa. Mabishano yakazuka, vipimo kadhaa vya baadaye, kikiwamo cha Toronto cha mwaka 2019, vikaunga mkono udogo huo.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hawa hawakuuziba ufa kwa kusema "ni karibu sawa". Waliuchungulia, wakaona chumba kipya. Nasi tusahihishapo daftari za wanafunzi tukumbuke hilo.

Na lugha je? Tumeazima atomu, haidrojeni, protoni, elektroni na muoni. Ngazi, mstari, nuru, pengo na kipimo tulikuwa nazo nyumbani.